Amu hadi Matondoni kwa miguu: ndiyo, mwaweza

Ndugu yangu, umeuliza kama wewe na wenzako wanne mwaweza kutoka Amu, yaani mji wa Lamu, kwenda kijiji cha Matondoni kwa miguu Jumamosi, au ni lazima mpande mashua. Nendeni kwa miguu! Sisi huenda karibu kila mwezi, na sijawahi kujuta.

Tokeni mara baada ya sala ya alfajiri. Njia yakata kisiwa kuelekea magharibi, katikati ya mashamba ya minazi na miembe, na mchanga wake ni mzito, kwa hiyo viatu vyepesi ama ndara. Kwa mwendo wa mazungumzo ni kama saa mbili. Maji bebeni ya kutosha, njiani hamna duka. Mkipotea, fuateni kinyesi cha punda; nasema kweli, njia yenye punda ndiyo ifikayo kijijini.

Mkifika, msikimbilie kula. Kaeni pwani mutazame mafundi wa majahazi. Mara ya mwisho tulimkuta mzee akitia kalafati: asokota pamba kwa vidole, aigandamiza kwenye ufa wa mbao, kisha agonga taratibu, tok, tok, mpaka ufa wote umeshiba. Tulikaa pale kimya mpaka jua likatuchoma migongo. Salimuni kwanza, na picha ombeni ruhusa.

Kurudi, mkichoka, hapo ndipo mashua. Patanani bei kabla ya kupanda, na muulize maji yajaa saa ngapi.

Wiki ijayo twaenda. Karibuni tufuatane.