Una kampuni Uingereza? Usimwambie mfanyakazi ahamishe pensheni

Mkuu, hiyo meseji usiitume. Umesema una kampuni ya walezi Leicester, watu kumi na wawili, na unataka kuwaandikia kwenye grupu la WhatsApp wahamishie pensheni za kazi zao za zamani kwenye mfuko wa kampuni "ili zikae pamoja". Ukauliza pia mfuko upi nafuu na programu ipi ya mishahara. Hayo yasubiri.

Chukua yule mama uliyesema alikuwa halmashauri. Pensheni yake inakokotolewa kwa mshahara na miaka ya utumishi, inapanda bei za vitu zinapopanda, na atalipwa mpaka siku ya kufa. Mfuko wako wewe ni akiba tu: soko likishuka nayo inashuka, na ikiisha imeisha. Akishahama harudi. Ndiyo maana sheria ya 2015 inataka, thamani ikizidi pauni 30,000, apate kwanza ushauri wa mtaalamu mwenye kibali cha FCA, mamlaka inayosimamia huduma za fedha Uingereza. Na waliotoka NHS, yaani huduma ya afya ya serikali? Tangu Aprili 2015 kuhamishia mfuko kama wako ni marufuku kabisa. Kwa hiyo meseji moja ingewaambia wengine wajiumize na wengine wafanye kisichowezekana.

Kutoa ushauri wa namna hiyo kibiashara bila kibali ni jinai chini ya sheria ya huduma za fedha ya 2000, kifungo hadi miaka miwili. Utajitetea kwamba hukulipwa, na huenda jinai ukaikwepa. Fidia huikwepi kwa hoja hiyo. Mhasibu aliyetuambia "ushauri wa bure hauna kesi" alitupotosha vibaya, na inaniuma kuona maneno yaleyale yanazunguka humu. Soma kesi ya Lennon, Mahakama ya Rufaa, 2004: polisi wa London alikuwa anahamia Ireland Kaskazini, ofisa utumishi akamwambia amwachie yeye mambo ya uhamisho. Akachukua likizo katikati, utumishi wake ukahesabika umekatika, posho ya nyumba ikapotea. Mwajiri alilipa. Hakukuwa na ada wala mkataba wa ushauri; ilitosha kwamba ofisa aliubeba mzigo na mtu akamtegemea.

Mahakama hazimlazimishi mwajiri kumshauri mtu kuhusu pesa zake. Unajitwisha mwenyewe pale unaposema "kwa hali yako, ningekuwa wewe..." Hapo ndipo mpaka ulipo: eleza mfuko ulivyo, usimwambie mtu la kufanya.

Ila usikimbilie kunyamaza. Katika kesi ya Scally ya 1991, madaktari wa Ireland Kaskazini walikuwa na haki ya kununua miaka ya ziada ya pensheni ndani ya muda maalumu, na mwajiri hakuwaambia. Haki ya thamani, inayodai mtu achukue hatua, na ambayo asingeijua bila kuambiwa: hiyo lazima uitangaze.

Andika hivi: makato ya chini ni asilimia 8, angalau 3 zikitoka kwako, kwa kipato cha kati ya pauni 6,240 na 50,270 kwa mwaka, ana mwezi mmoja wa kujitoa na kurudishiwa makato yake, namba ya simu ya mfuko ni hii. Akiuliza "nihamishe?", jibu: "Sina kibali cha kukushauri hilo. Piga MoneyHelper, huduma ya serikali ya maelezo ya pesa na pensheni; kama umefika miaka 50, omba miadi ya Pension Wise, mwongozo wao wa pensheni, ni bure." Usimnong'oneze kamwe kwamba akijitoa atabaki na hela zaidi mkononi, kumshawishi ajitoe kumekatazwa na sheria ya pensheni ya 2008.

Barua za Kiingereza usizitafsiri kwa voice note. Najua wenzetu wanaomba, lakini kwa sauti mtu huongeza "mimi naona", na ndicho watakachokikumbuka. Tafsiri kwa maandishi, ambatanisha barua yenyewe, tunza nakala na tarehe.

Ukitaka kuwasaidia kweli, walipie mshauri. Hadi pauni 500 kwa mfanyakazi kwa mwaka hazikatwi kodi ya mapato, mradi nafasi hiyo iwe wazi kwa wote. Na usipokee chochote kutoka kwa mshauri huyo kwa kumpelekea watu.