Maswali na Majibu: Archibald Thorburn, Mchoraji wa Ndege

Wiki iliyopita niliwahimiza wanaojifunza kuchora wanyama wamtazame Archibald Thorburn, Mskoti aliyeishi 1860 hadi 1935. Haya ndiyo mliyouliza.

*Ana cheti cha chuo gani? (Mwanza)*

Vyeti tena! Mwalimu wake wa kwanza ni baba yake, Robert Thorburn, bingwa wa picha ndogondogo za sura za watu, aliyemchora hata Malkia Victoria. Archibald alipita shule ya sanaa ya St John's Wood, London, asikae sana. Baba alipofariki mwaka 1885, alimwendea Joseph Wolf, gwiji wa Kijerumani wa kuchora wanyama, amwongoze.

*Si ndiye aliyechora simba wa huku enzi za Wajerumani? (Morogoro)*

Siye. Huyo ni Wilhelm Kuhnert. Someni majina kabla ya kuandika.

*Kazi gani ilimtoa? (Nakuru)*

Kitabu cha Lord Lilford, mwanazuoni wa ndege wa Kiingereza, kuhusu ndege wa Visiwa vya Uingereza. Alipewa kazi hiyo mwaka 1887, akachora picha 268 za rangi ya maji.

*Nikinakili picha za kwenye simu nitafika? (wengi mno)*

Hamtafika, na nimeshawajibu. Thorburn alikuwa akipanda milima ya Scotland kuwachora ndege pale wanapoishi. Mtazameni ptarmigan wake, jamii ya kware wa milimani anayegeuka mweupe majira ya baridi: manyoya yale meupe yamejaa buluu na kijivu, kwa sababu theluji na anga vinaakisi juu yake. Hilo huliona aliyekaa naye kwenye baridi. Picha ya simu ina pozi moja tu, na mwanga alioutaka mtu mwingine. Ndiyo maana kazi nyingi ninazoletewa zina kichwa kizuri na miguu isiyobeba uzito wowote. Chukueni daftari na penseli, mkae wanapotua korongo au yangeyange, mchore mkao kwanza. Rangi baadaye.

*Nasikia alikuwa mwindaji. Kweli? (Tanga)*

Kweli, mpaka aliposikia kilio cha sungura aliyejeruhiwa. Tangu hapo aliacha kuwinda kwa starehe. Baadaye akawa makamu wa rais wa chama cha kifalme cha kulinda ndege cha Uingereza, akakichorea kadi za Krismasi. Na ninyi mnaonunua ndege sokoni na kuwafunga mguu ili watulie mkiwachora, acheni. Ndege mwenye hofu hujibana manyoya, na mnachokichora ni hofu hiyo.