Piki inachemka ukishuka Bogoria: usikimbilie oili nzito kwanza

SWALI: Habari fundi. Niko Njoro na nina Yamaha XTZ 125 ya kabureta, nilinunua mkono wa pili. Huku juu inakimbia poa kabisa, lakini tukishuka na wenzangu njia za ndani kutoka Mogotio kuelekea Bogoria, kufika saa sita mchana inaanza kukosa nguvu kwa milima ya mawe, injini inagonga ka-ka-ka nikifungua mafuta, na nikizima inakataa kuwaka mpaka ipoe. Fundi wa hapa kwetu anasema niweke oili nzito, 20W-50, na yote yataisha. Ni ukweli? Na taya nitoe upepo kiasi gani?

JIBU: Ndugu yangu, asante kwa kueleza vizuri, maana hayo maneno mawili, "huku juu" na "tukishuka", ndio yananionyesha pa kuanzia.

Tumalize ya oili kwanza. 20W-50 si mbaya kwa joto la kule bonde, mradi kitabu cha piki kinairuhusu na kopo limeandikwa JASO MA au MA2, alama ya oili inayofaa klachi ya piki, kwa sababu klachi ya hii piki inaogelea ndani ya oili hiyo hiyo ya injini, na ukiweka oili ya gari yenye dawa za kupunguza msuguano klachi inaanza kuteleza, na klachi ikiteleza inazidisha joto tena. Lakini kabla ya kubadilisha aina angalia levo. Hizi injini ndogo zinabeba kama lita moja tu, sasa ikipungua robo lita hapo umepoteza robo ya kile kinachobeba joto kutoka ndani. Watu wengi wanabishana oili gani ni bora na hawajachungulia levo mwezi mzima.

Sasa swali langu kwako: kuna mtu aliwahi kufungua hiyo kabureta akabadilisha jeti (kile katundu kanakopitisha petroli) ama akashusha sindano yake? Uliza aliyekuuzia. Piki ikitoka kiwandani kabureta huwa haijapangiwa mahali pa juu kama kwetu. Nakuru tuko karibu mita 1,850 na Njoro ni juu zaidi, hewa ni nyepesi, kwa hivyo piki inakula petroli nyingi kuliko hewa, inatoa moshi mweusi kidogo, mwenyewe analalamika, na fundi anaweka jeti ndogo. Huku juu inakuwa tamu. Halafu unaishusha Bogoria ambako ni kama mita 1,000 tu, hewa inakuwa nzito, petroli ni ile ile kidogo, mchanganyiko unakauka na injini inachoma moto zaidi ya vile inafaa. Ni kweli hewa ya moto huwa nyepesi kuliko ya baridi, kwa hivyo joto la kule linarudisha kiasi, lakini halirudishi yote. Huo mgongano wa ka-ka-ka ukifungua mafuta ni petroli kujilipukia yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia, na ukiuzoea utakula pistoni, hiyo sikufichi.

Kupima ni rahisi. Panda mlima mrefu kule chini, ukiwa bado unavuta zima injini na ubane klachi hapo hapo, simama, ipoe kidogo ndio ufungue plagi. Rangi ya kahawia ni sawa. Ikiwa nyeupe, ama ina vidoti vidogo vya kung'aa, mchanganyiko umekauka na unatakiwa kurudisha jeti ya kiwanda. Afadhali moshi kidogo Njoro kuliko pistoni iliyotoboka Emining. Angalia pia ule mpira unaounganisha kabureta na injini, kwa piki za zamani unapasuka na kuvuta hewa ya wizi. Piki ikinguruma tu bila kufungua mafuta, unyunyizie maji kidogo kwa chupa ya kupulizia, mlio ukibadilika umepata ufa.

Hiyo ya kukataa kuwaka ikiwa moto, mimi nashuku tapeti, yaani ile nafasi ndogo inayoachwa kwa vavu. Vavu ya eksosi ikibana sana, joto likiirefusha haifungi kabisa, kompresheni inapotea, ikipoa inarudi. Tapeti zipimwe injini ikiwa baridi kabisa, asubuhi kabla hujaiwasha, kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) na vipimo vya kitabu chenyewe, usikubali mtu akupimie kwa sikio. Na siku itakapokataa tena, fungua kifuniko cha tenki usikilize: ikivuta pumzi fsss halafu iwake, shida ni katundu ka hewa kwa kifuniko kameziba vumbi.

Kuna na vile unaendesha. Injini ya kupozwa na upepo bila upepo haina kitu. Matope ya Njoro yakikauka kwa mapezi ya silinda ni kama umeivalisha blanketi, yaoshe yote, hata ya nyuma, jioni kabla ya safari. Kwa mawe tumia gia ya kwanza na uachilie klachi yote, usipande na ya tatu ukifinya klachi nusu. Ukisikia inachoka simama kule juu kwenye upepo, uielekeze upepo unakotoka. Na tafadhali usiimwagie maji ikiwa moto, chuma kinaweza kupinda ama kupasuka.

Taya: kwa mawe na tyubu weka psi 18 hadi 20, pima asubuhi kwa kivuli. Mchana zitapanda 2 ama 3, ziache hivyo, ukizitoa upepo saa nane mchana, jioni utakuwa chini sana na rimu itauma tyubu kwenye jiwe la kwanza. Pande za Marigat ule mti wa miiba, mathenge, umejaa na mwiba wake unapita taya bila huruma, kwa hivyo beba tyubu ya 21 ya mbele, ukibanwa inaingia hata kwa ile 18 ya nyuma mpaka ufike kwa fundi.

Mwisho ni wewe mwenyewe, na hapa naomba usinipuuze. Joto likipita 35 upepo haukupozi tena, unakuchoma, kilichobaki ni jasho kukauka. Usivue jaketi. Lowesha tisheti ya ndani, funga jaketi, fungua vitundu vya hewa. Kunywa nusu lita mpaka lita kwa saa, kidogo kidogo, na ubebe pakiti za ORS za kemisti maana maji matupu hayarudishi chumvi. Mwenzako akianza kuongea vitu havieleweki, anayumba, ngozi ni moto, safari imeisha: kivulini, nguo zipunguzwe, alowe maji mwili mzima apepewe, na mtafute gari la hospitali. Hapo hakuna kusubiri muone kama atapata nafuu.

Fanya kwa mpango huu: osha mapezi, angalia levo, pima tapeti, kisha jeti. Shukeni saa kumi na mbili asubuhi muwe mmemaliza mawe kabla ya saa tano. Kama baada ya yote bado inagonga, usiishushe tena, ilete tufungue hedi tuangalie makaa ndani.