Maswali ya wasomaji: Kompyuta ya zamani isiyoona Wi-Fi

Msomaji wa Katuba: Nimenunua kompyuta ya mitumba yenye Windows 7. Nimepakua draiva (programu za kuendeshea kifaa) tatu za chapa yake, hakuna hata moja iliyokubali. Nifanyeje?

Jina lililo kwenye kifuniko ni la aliyeunda kompyuta, si la aliyetengeneza kadi ya Wi-Fi iliyomo ndani, na modeli ileile inaweza kuuzwa ikiwa na kadi ya Intel, ya Broadcom au ya Realtek. Usipakue kitu kingine kabla ya kuijua kadi yenyewe. Kwa kuwa kompyuta nyingi hapa Lubumbashi huzungumza Kifaransa, fungua «Gestionnaire de périphériques», bofya kwa kitufe cha kulia kifaa chenye alama ya njano, ingia «Propriétés», kisha «Détails», na uchague «Numéros d'identification du matériel». Utaona mstari kama PCI\VEN_14E4&DEV_4315. Alama nne zinazofuata VEN humtaja mtengenezaji (8086 ni Intel, 14E4 ni Broadcom, 10EC ni Realtek), na zinazofuata DEV huitaja chipu yenyewe. Tafuta draiva kwa namba hizo. Wengi hukosea wanapozinakili kwa mkono, wakaandika herufi O mahali pa sifuri, ilhali herufi zinazotumika humo ni A hadi F tu. Angalia pia kama Windows yako ni ya biti 32 au 64, kwa sababu draiva ya moja haikubali kwenye nyingine.

Msomaji wa commune ya Kenya: Nitapakuaje draiva ya Wi-Fi kwenye kompyuta ambayo haina intaneti?

Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, kisha katika «Partage de connexion» ya simu uruhusu njia ya USB. Mara nyingi kompyuta itaipokea kama waya wa mtandao. Simamisha kwanza masasisho ya Windows, la sivyo mega zako zitakwisha kabla draiva haijafika. Flashi kutoka kwa rafiki inafaa vilevile.

Msomaji wa Ruashi: Je, programu zinazoahidi kutafuta draiva zote kwa mara moja zinafaa?

Mimi siziweki. Nyingi hudai malipo, na baadhi huja na wageni ambao hukuwaalika.

Msomaji wa Kamalondo: Draiva imekubali, lakini kompyuta inaona Wi-Fi ya jirani na haioni ya ofisini kwetu.

Yaelekea ya ofisini inarushwa kwa masafa ya GHz 5 peke yake, na kadi nyingi za zamani husikia GHz 2.4 tu, hakuna draiva itakayoliondoa hilo. Mwombe msimamizi awashe na GHz 2.4 kwenye ruta, au ununue adapta ndogo ya USB. Ikiwa bado unatumia Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020, soma kwanza kisanduku cha adapta hiyo kabla ya kulipa, kwa maana mpya kadhaa zinataja Windows 10 na 11 tu.