Marisau yaliyopakwa shaba yanafaa kuwindia bata?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naishi Minnesota, na jirani amenialika tukawinde bata maji. Ameniazima bunduki kuukuu ya baba yake na boksi la katriji namba 4. Marisau yake, zile chembe zilizomo ndani ya katriji, ni ya madini ya risasi (lead), yamepakwa shaba. Hiyo shaba haitoshi kuzuia sumu? Na nikibaki na chache mfukoni bila kuzipiga, nina kosa?

JIBU: Marahaba. Haitoshi, na kosa lipo. Tangu 1991 sheria ya shirikisho imepiga marufuku marisau ya risasi kwa mawindo ya bata, bukini na kukuziwa kote Marekani. Wengi huteleza hapa: kuwa nazo tu ukiwa mawindoni ni kosa, hata usipofyatua. Katriji moja uliyoisahau kwenye koti tangu msimu wa njiwa inatosha kukuponza. Pekua mifuko yote kabla hujatoka, na ule wa ndani pia.

Shaba ni ngozi ya juu tu. Bata humeza vijiwe vya kumsaidia kusaga chakula, na marisau yaliyozama topeni huyaokota vilevile. Yakifika kwenye firigisi yanasagwa, shaba inachubuka, asidi inaanza kuyeyusha risasi, nayo inaingia kwenye damu. Kwa hiyo marisau yanayoidhinishwa hutakiwa kuwa na risasi chini ya asilimia 1.

Ya chuma ndiyo nafuu. Ila chuma ni chepesi kuliko risasi na hupoteza nguvu mapema, basi panda saizi mbili: badala ya namba 4 chukua namba 2 (namba ikiwa ndogo, chembe ni kubwa), na mwache bata asogee karibu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hiyo bunduki. Chuma hakibonyei kama risasi, na mtutu wa zamani uliobana mdomoni unaweza kuvimba. Mwone fundi bunduki kwanza. Ama nunua marisau ya bismathi, aina ya metali, iliyochanganywa na bati: ni laini, ni nzito kuliko chuma, na imeidhinishwa. Bei yake sasa, jikaze! Na usiitupe boksi yake, maana bismathi hainasi kwenye sumaku, sawa na risasi, na askari wa wanyamapori atataka kujua umebeba nini.

Jambo jingine la huko kwenu: kwenye maeneo ya shirikisho ya kuzalishia ndege wa majini, marisau ya risasi hayaruhusiwi hata kwa ndege wa nchi kavu.