Taa za ziada za pikapu: njano na mahali pa kufunga

Uliyeuliza kama upulizie taa za ziada rangi ya njano na kuzifunga juu ya kebini: rangi ya kopo achana nayo, kioo cha taa ya halojeni (balbu ya waya unaowaka kwa joto kali) kinapata moto mno, itaungua na kupasuka. Bandika filamu ya njano, ile plastiki nyembamba ya kunata inayopitisha mwanga. Safisha kioo kwa spiriti, nyunyiza maji ya sabuni, sukuma mapovu kutoka katikati. Mwanga utapungua kidogo, vumilia.

Juu ya kebini ni pa kupendeza kwenye picha tu! Boneti itakurudishia mwanga usoni, na vumbi likitimka unaona ukuta wa mwanga. Funga kwenye bampa. Taa mbili za wati 55 zinavuta kama ampea 9, kwa hiyo weka rilei (swichi ya umeme inayobeba mzigo badala ya swichi ya dashibodi), na fyuzi ya ampea 15 jirani kabisa na betri. Pa kufunga ethi (waya wa kurudisha umeme kwenye bodi ya gari), kwangua rangi hadi chuma kionekane.