Maswali na majibu: Sindano ya kupunguza unene inanitapisha

Mwezi huu meseji nyingi mlizonitumia zinahusu sindano za kupunguza unene: Ozempic na Wegovy, ambazo dawa iliyomo ni semaglutide, na Mounjaro. Wachache wanauliza watapungua kilo ngapi. Wengi wanauliza wataacha lini kutapika, na karibu nusu wanaongeza, "tafadhali, nyumbani hawajui kama natumia." Hilo la mwisho linanisumbua kuliko matapishi yenyewe. Nimechagua maswali sita.

Mama wa watoto watatu, Mwanza: Niko wiki ya sita na semaglutide. Nachoma kila Jumamosi usiku. Jumapili tukitoka kanisani tunakula pamoja ukweni, wali wa nazi na kuku wa kukaanga. Ikifika saa kumi jioni natapika vyote. Nifanyeje?

Dada yangu, tuanze na tarehe. Wiki ya sita kwa kawaida ndiyo umetoka tu kupandishwa kutoka miligramu 0.25 kwenda 0.5, na kichefuchefu huwa kikali zaidi siku zinazofuata baada ya dozi kupanda. Tena semaglutide hufikia kilele chake kwenye damu siku ya kwanza hadi ya tatu baada ya kuchoma. Ukichoma Jumamosi usiku, sahani ya Jumapili inakutana na dawa ikiwa ndiyo kwanza imepamba moto.

Dawa hii inaiga homoni ambayo utumbo wetu hutoa tukishakula. Inauambia ubongo kwamba umeshiba, halafu inachelewesha chakula kutoka tumboni kwenda kwenye utumbo. Mafuta hata bila dawa hukaa tumboni muda mrefu. Sasa umeweka tui zito na kuku wa mafuta, kwa kipimo kile kile ulichozoea zamani, ndani ya tumbo linalokwenda polepole. Chakula kinakosa pa kupita, kinarudi kilikotoka.

Siku ya kuchoma unaweza kuihamisha, mradi zipite zaidi ya saa 48 tangu sindano iliyotangulia. Zungumza na daktari wako uhamie Jumatatu au Jumanne. Ukweni, omba kupakua mwenyewe, na utumie kisahani kidogo. Najua kwetu kula kidogo mbele ya mama mkwe ni kama kumwambia hajui kupika, lakini kuamka mezani kukimbilia chooni kunamuumiza zaidi. Chukua kuku wa mchuzi usio na mafuta mengi, wali kidogo, ndizi ya kuchemsha. Tafuna taratibu. Ukianza kucheua au kifua kikajaa, acha hapo hapo, hata kama kimebaki kijiko kimoja. Maji kunywa kwa mafunda kati ya mlo na mlo, usiyashushe glasi nzima juu ya chakula, na usilale kwa saa mbili tatu. Soda iache kabisa kwa sasa. Gesi inalijaza tumbo ambalo tayari limejaa.

Ukifanya haya na bado unatapika, usipande dozi inayofuata. Daktari anaweza kukubakiza kwenye 0.5 wiki nne zaidi, au kukurudisha chini. Kushuka ngazi si kushindwa.

Kijana, Dar es Salaam: Nilinunua kalamu ya sindano hii kupitia Instagram. Rafiki yangu anachoma miligramu 1, nami nikaanza na hiyo. Leo siku ya nne natapika, hata maji hayakai.

Mdogo wangu, nilikujibu siku ile ile uliponiandikia, na hapa narudia kwa ajili ya wengine: siku nne bila maji kukaa tumboni ni safari ya hospitali, leo, na kalamu uibebe mkononi. Mkojo ukiwa mchache na wenye rangi ya chai ya rangi, ukiona kizunguzungu ukisimama, figo zinakosa maji. Hapo unahitaji dripu, siyo ushauri wangu.

Umeanza na dozi mara nne ya ile ya kuanzia. Rafiki yako alifika kwenye 1 kwa kupanda ngazi wiki nne nne, na mwili wake ukazoea. Hakuna dawa ya kuiondoa iliyokwisha kuingia. Baada ya wiki nzima, karibu nusu yake bado imo mwilini.

Halafu hujui umechoma nini. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia zilizokutwa Brazili, Uingereza na Marekani. Kalamu bandia inaweza kuwa na insulini ndani, na insulini kwa mtu asiye na kisukari inaweza kumzimisha. Hata iliyo halali, kabla ya kufunguliwa hutunzwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Uliza ilikaa wapi kabla ya kufika kwa bodaboda aliyekuletea.

Msomaji, Mombasa: Kwenye grupu letu la WhatsApp wanasema usipotapika ujue dawa haifanyi kazi. Mimi sitapiki. Niongeze dozi?

Usiongeze. Katika utafiti mkubwa wa semaglutide ya miligramu 2.4 uliochapishwa mwaka 2021, wenye watu 1,961, waliotapika walikuwa karibu robo tu ya waliopewa dawa. Kwa wastani waliopewa dawa walipungua karibu asilimia 15 ya uzito wao katika wiki 68. Kwa hiyo wengi walipungua bila kutapika hata mara moja. Shukuru, na uwaambie wenzako wa grupu wasijivunie ndoo.

Mwanamke, Nairobi: Naweza kumeza dawa ya kuzuia kutapika?

Ndiyo, kwa muda mfupi, na baada ya kuonwa. Metoklopramaidi isizidi siku tano. Ondansetroni hukaza choo, na sindano yenyewe tayari hukaza choo, na choo kilichokaa siku nyingi nacho huleta kichefuchefu. Wengi husahau kuniambia hilo la choo. Tangawizi iliyochemshwa bila maziwa huwasaidia baadhi ya watu, nami sina ubaya nayo. Ukiwa umetapika, kunywa ORS, ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini, kwa mafunda. Ukikosa pakiti, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Dada, London: Natumia Mounjaro na vidonge vya uzazi wa mpango. Nimetapika mara mbili wiki hii.

Ukitapika ndani ya saa tatu tangu umeze kidonge, hesabu kama hukumeza, meza kingine. Lakini Mounjaro ina jambo la ziada: hata usipotapika, inaweza kupunguza nguvu ya vidonge. Ushauri wa huko Uingereza ni kutumia kondomu pia wiki nne tangu kuanza, na wiki nne kila dozi inapopanda. Kama hedhi imechelewa, pima mimba kabla ya kulaumu sindano. Ukipanga kubeba mimba, acha Mounjaro angalau mwezi mmoja kabla.

Binti, Morogoro: Baba ana miaka 58, ana kisukari, anachoma semaglutide na anameza gliklazaidi. Tangu jana anatapika na ana joto kali. Anasema ni sindano tu, itapita.

Sindano haileti homa. Mpeleke akapime malaria leo. Nimeona watu wakikaa na malaria siku kadhaa kwa sababu walikuwa tayari na kitu cha kulaumu.

Kabla hamjatoka nyumbani mpime sukari. Gliklazaidi ni kidonge cha kushusha sukari, na inaendelea kuishusha hata kama chakula hakikai. Akitokwa jasho, akitetemeka au akianza kuongea visivyoeleweka, mpe maji ya sukari kama anaweza kumeza, kisha mwende. Mkifika tajeni dawa zake zote, hasa metformini ya kisukari kama anaitumia, za presha na za kukojoza, kwa sababu baadhi husimamishwa mtu akiishiwa maji. Na muulize kama tumbo la juu linamuuma sana, maumivu yakipenya hadi mgongoni. Akisema ndiyo, liseme hilo kwanza kabisa pale mapokezi, maana huenda kongosho limevimba, na asichome tena sindano mpaka daktari aseme.